Skrubu Sita

Daktari wa mifupa alituandikia kwa kalamu nyekundu:
bamba moja, skrubu sita, zote titani,
paja la kushoto, Bwana Numbi, miaka sitini na nane.
Bei yake pikipiki mbili,
mbili kama ile iliyomgonga.
Baba aliisoma, akacheka mpaka mguu ukamkataza.
"Miaka thelathini nimetoa shaba majini kwa tani,
leo ninadaiwa kwa gramu?"

Alikuwa mtu wa ukumbi wa elektrolisi, kule Likasi.
Asidi ilimtoboa mashati, mama akatia viraka
hadi shati likawa viraka vilivyoshikana mikono.
Shaba, husema, haina kiburi:
ipe umeme kidogo, itakuja yenyewe,
ijibandike kwenye bamba, nyekundu kama kisigino cha mtoto.

Titani haina tabia hiyo.
Imejaa duniani, imo mchangani,
imo kwenye rangi nyeupe ya ukuta wa zahanati,
imo kwenye dawa ya meno,
ila imeikumbatia oksijeni
kama deni linavyomkumbatia mwalimu.
Wenye viwanda huiachanisha kwa klorini, kisha kwa magnesi,
siku kadhaa za moto,
mwishowe wanavunja mkate mgumu wa kijivu kwa mashine.
Hapo ndipo inapotoka kalamu nyekundu.

Mimi na Kyoni, barabara ya Kasapa, chumba cha nyuma cha maabara,
tunatafuta njia ya mkato:
chumvi ya kalsiamu iliyoyeyuka, digrii mia tisa,
kidonge cha unga mweupe kikining'inia kwenye waya,
kijiti cha grafiti upande wa pili,
volti tatu,
na argoni tuliyokopa kwa mchomeleaji wa Kamalondo
(anatuuliza kila Jumamosi mtungi wake unarudi lini).
Umeme haupigi kelele.
Unaing'oa oksijeni chembe kwa chembe,
unaivusha kwenye chumvi hadi kwenye grafiti,
na grafiti inaliwa, inatoa pumzi yake ya kaboni.
Kyoni anaandika daftarini: *Safi kuliko zamani. Si safi bado.*
Hapendi tujidanganye.

Jaribio la saba, umeme ulikatika saa nane usiku.
Chumvi iliganda na vyote vilivyomo,
waya, kidonge, kipimajoto chetu cha mwisho.
Tulikaa gizani tukilisikiliza tanuri likipoa,
tik, tik,
kama kuku anayedonoa bati.
Kyoni alimenya karanga, akanigawia nusu.

La kumi na moja tulililinda kwa betri za lori.
Asubuhi tukaosha chumvi, maji juu ya maji,
kikabaki kipande kidogo kuliko punje ya hindi.
Sumaku ilikipita bila salamu, tukashangilia.
Nikakibana kwa koleo.
Kikavunjika kama biskuti:
oksijeni bado imo, imejificha ndani ya mfupa.

Kipande cha jaribio la kumi na tisa nilikipeleka Katuba,
kimefungwa kwenye kitambaa cha miwani.
Baba yuko kitandani, mguu unavutwa kwa kamba
na kopo lililojaa mawe meusi ya lile lima la taka za kiwanda.
Hakuuliza habari za skrubu.
Aliagiza koleo lake la kazi, lile lenye mpini uliolika,
akakitia kati ya meno yake, akabonyeza taratibu,
jicho moja amelifumba, kama anayesikiliza ukuta.

Kikapinda.
Unene wa unywele mmoja, labda miwili,
kabla ya kukatika.

Hakitoshi hata kichwa cha skrubu moja.
Baba alivitazama vipande viwili kiganjani,
akavipindua kwa kidole gumba,
nami nikangoja kucheka kwake, au huruma.
Akavuta mto, akakaa vizuri,
akasema kama msimamizi anayepokea zamu:
"Mlipeleka ampea ngapi?
Leta hilo daftari."